Mwavuli wa Bedan

Alhamisi, 9 Oktoba 1997

Magdalene, anayetuongoza kikaoni, ametuambia kila mmoja atafute daftari, awe anaandika siku zake. Nimechukua la Muna la hesabu ambalo lilikuwa na kurasa tupu nyuma. Muna ni binti yangu, ana miaka saba, na akiniona nimeinama hivi anadhani na mimi nimepewa homework.

Basi nianze. Mimi ni Mwanamisi. Nakaa Majengo, hapa Thika, katika nyumba ya shemeji yangu Salehe, mkewe Ruqayya na watoto wao, tangu mume wangu Abdulnasir afariki mwaka juzi. Watu waliambiwa ni TB. Daktari aliniambia mimi peke yangu yaliyobaki, na kwamba virusi hivyo ninavyo pia. Baada ya hapo nililala. Sisemi usingizi. Nililala miezi, uso ukutani, hata mtoto akiniita naona uzito kugeuka. Hadi nesi mmoja akaninong'oneza kwamba kuna watu Ruiru wenye virusi, tena vichwa vyao vinawasumbua, na wanaongozana wao kwa wao. Nikamwambia wagonjwa kuongozwa na mgonjwa, hiyo ni hospitali gani? Hayo yalikuwa Mei. Sijakosa Alhamisi hata moja.

Ruqayya anaamini naenda kujifunza kushona sweta. Miezi yote hii hajaona hata soksi.

Tunakutana katika chumba kilicho nyuma ya duka la chakula cha mifugo, na tunatoka huko tukinuka pumba. Sote ni watu wa Thika na vijiji vyake. Tunajisafirisha hadi Ruiru kwa sababu huko hakuna anayetujua. Na tuna sheria: hatuulizani kwetu ni wapi. Jina moja latosha. Sheria hiyo mimi ndiye mlinzi wake mkali, na sioni haya kusema hivyo. Siku Ruqayya akijua, nitatengewa sahani na kikombe, na Muna ataanza kufundishwa asilale nami. Nimeona wakimfanyia mwanamke wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mimi nikifanyiwa hivyo nitarudi ukutani, na safari hii sijui kama nitatoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Redio inasema hii ni El Nino, na sasa hata wauza sukuma wiki wanaitaja kama jirani wanayemjua.

Kikao chetu huanza kwa kila mtu kusema hali ya hewa ya kichwa chake. Kui, ambaye hutengeneza nywele, alisema kuna jua la asubuhi. Mzee Gathogo alisema mawingu, kama kawaida yake. Mimi nilisema manyunyu. Bedan akasema, "Kwangu ni poa tu. Jua kali." Bedan ni kijana mrefu mwenye sauti ndogo, mpole kupita kiasi. Kuna wakati husikia watu wanaomsema, wasioonekana, na hudungwa sindano ya kuwanyamazisha kila mwezi.

Halafu Magdalene akatuagiza kila mmoja ataje dalili yake, yaani kitu anachofanya ugonjwa wa kichwa unapoanza kurudi, ili wengine wamshike mapema. Magdalene mwenyewe amelazwa mara mbili, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia hajui. Akasema, "Mimi mkiniona nafagia hata matope ya nje, mjue." Gathogo huacha kuoga. Kui huongea bila kituo, na tukacheka kwa sababu huongea bila kituo hata akiwa mzima. Mimi nilisema, "Nikianza kujibu kila kitu 'sawa', nitazameni vizuri."

Bedan akafikiri. "Mimi nikianza kugawa vitu vyangu, mnishike. Hiyo wakati nakuwanga nimeona sitavihitaji."

Tukaitikia wote kwamba tumesikia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Tulikuwa watu watatu tu. Chai nzuri.

Alhamisi, 30 Oktoba

Bedan amekuja na maembe ya kwanza, akampa kila mtu moja. Akaketi karibu nami, akaanza, "Haya ni ya nyumbani. Kwetu ni Ngoliba, mama huuza hapo mbele ya—"

Nikamkata. "Bedan! Hapa hatuambiani."

"Pole, Mama Muna."

"Na hata hilo la Mama Muna, nani alikwambia?"

"Ulisema siku moja."

Basi mimi mlinzi nimevunja sheria bila kujijua. Nilikasirika njia nzima, na embe lilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimepewa mwavuli!

Tulipotoka mvua ilikuwa inamwagika, nami nilikuwa na mfuko wa plastiki kichwani. Bedan akaufungua mwavuli wake, ule mweusi wenye mshikio wa mbao, akanipa mkononi. "Shika. Ni wako. Mimi sina haja na yeye tena." Nikamuuliza atafikaje kwao. Akatabasamu tu, akaenda na mvua yake taratibu, wala hakukimbia.

Nakiri nilitembea hadi stendi nikijiona msichana. Ni kitambo sijapewa kitu na mwanamume. Nilijiuliza kama anayo maana yake, na kama anayo nitamjibu nini.

Ijumaa, 7 Novemba

Ruqayya: "Mwavuli wa nani?" Mimi: "Wa darasa la sweta." Akauangalia sana.

Alhamisi, 13 Novemba

Bedan hakuja. Magdalene anasema barabara zimeharibika kila mahali. Hata mimi nimefikiri hivyo.

Jumanne, 18 Novemba

Maji yameingia jikoni. Tumeyatoa kwa sufuria, mimi na Ruqayya, tukicheka kama watoto. Kuna siku nampenda sana mwanamke huyu, na hizo ndizo siku ninazomwogopa zaidi.

Alhamisi, 20 Novemba

Nataka kuandika ya leo yote, ingawa mkono hautaki.

Bedan hakuja tena. Tulizunguka na hali ya hewa, na zamu ilipofika kwenye kiti chake tukakiruka. Gathogo akajikunyata ndani ya koti, akasema baridi hii ingemuua kama si koti la Bedan.

Magdalene akauliza, "Koti gani?"

"Hili. Alinipa ile wiki ya mwisho. Alisema yeye husikia joto."

Kui akaacha kunywa. "Mimi alinipatia redio. Nilimwambia ni kubwa, akasema niichukue tu, inamsumbua masikio."

Magdalene akaweka mikono kichwani. "Ngai! Mimi alinipa gambuti, viatu vyake vya mvua, nimpe kijana wangu. Nikamwombea baraka."

Wakanigeukia. Mwavuli ulikuwa miguuni pangu, unachuruzika.

Alikuwa ametuambia kwa kinywa chake, mbele yetu sote: nikianza kugawa, mnishike. Na sisi tuliomsikia tulikuwa tumemvua mavazi ya mvua moja moja, kila mtu kwenye kona yake, kila mtu akisema asante. Mgeni asiyemjua angeweza kusamehewa. Sisi ndio tuliofundishwa. Na mimi nilikuwa nimefikiri napendwa.

Kui akaanza kulia. Gathogo akasema twende kwake sasa hivi. Magdalene akauliza, "Kwake wapi?"

Hapo ndipo nilipoiona sheria yangu. Tangu Mei tumekaa goti kwa goti na mtu huyu, tunajua anaogopa nini, tunajua anasikia nini akifumba macho, na hatujui mlango wa kwao. Kliniki anakodungwa sindano hawawezi kutuambia, na ni haki yao. Nikasema, "Ni Ngoliba."

"Ngoliba pahali gani?"

"Sijui. Alikuwa anamalizia kusema, nikamnyamazisha."

Magdalene hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu tutafute njia ya kufika.

Ijumaa, 21 Novemba

Magari ya Ngoliba hayaendi, tope limeyazuia. Pickup inayoweza kwenda ninayoijua ni moja: ya Salehe, anayenunua na kuuza magunia na kufika huko kwa wakulima. Nimemwangalia akila, nimemwangalia akiswali, nikashindwa.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimemwambia. "Shemeji, naomba unifikishe Ngoliba kesho. Nirudishe mwavuli wa watu."

"Mwavuli? Ngoliba? Kwa mvua hii?"

"Ndiyo."

"Si mwenye mwavuli ndiye anayeuhitaji? Aje auchukue."

"Hawezi kuja."

Alinitazama, akachokonoa meno kwa kijiti kwa muda mrefu. "Haya. Kuna mtu ana magunia yangu huko."

Jumapili, 23 Novemba

Nilibeba ndani ya gunia vitu vyote, ambavyo wenzangu waliniachia stendi kama tulivyoagana: koti, gambuti, redio. Mwavuli niliupakata. Baada ya Gatuanyaga barabara ilikuwa uji mtupu. Tulikwama, nikashuka kusukuma, tukaondoka, tukakwama tena. Salehe hakuuliza kitu. Mimi nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua na kupanga uongo kwa wakati mmoja.

Ngoliba niliuliza wanawake waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibanda cha maembe. Kijana mrefu, sauti ndogo, mama yake huuza hapa. Wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono bila kusema, kuelekea nyumba ya mabati upande wa mto.

Mama yake anaitwa Warigia. Alisimama mlangoni, mwembamba, mtandio umelowa.

"Nyinyi ni wa kanisa?"

"Hapana, mama. Nimeleta mwavuli wa Bedan."

Akauangalia mwavuli, kisha koti nililolitoa guniani, na uso wake ukabadilika. Akatupisha.

Bedan alikuwa jikoni, kwenye kijitanda kando ya moto. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Chini ya kamba mama alikuwa amezungushia kitambaa isimchubue. Amekonda. Midomo yake ilikuwa inajibizana na mtu.

Sijui uso wangu ulisema nini, maana mama Warigia aliniwahi. "Ni mimi nimemfunga. Usiniangalie hivyo. Mto umejaa, na ametoka mara mbili akienda huko, viatu hana. Mimi ni mzee, siwezi kukimbizana na yeye. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nilichuchumaa.

"Bedan. Ni Mwanamisi."

Akaniona polepole. "Hiyo mwavuli nilikupatia."

"Najua. Nilikosea kuuchukua. Hali ya hewa, Bedan?"

Akafikiri, akageuza sikio kuelekea mabati. "Kuna mvua. Lakini sijui ni ya nje ama ni ya ndani."

"Ya nje ipo kweli. Nimelowa."

Akanigusa mkono wa nguo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyehakikisha.

Nikasimama nikamweleza mama kwamba Bedan hudungwa sindano kila mwezi, na kwa barabara hizi lazima ameikosa, na tuna gari, tumfikishe hospitali Thika leo hii.

"Tunangoja mchungaji barabara ikipona. Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Ni bibi yake?"

"Hapana, mama."

"Sasa wewe ni nani wake? Mimi siwezi kupatia mtu nisiyemjua mtoto wangu aweke kwa gari aende na yeye."

Salehe alikuwa nyuma yangu mlangoni. Nilimsikia akipumua. Nikasema, "Ni rafiki."

"Rafiki wa wapi? Huyu hana marafiki. Nilimzaa, namjua."

Nilikuwa na uongo mwingine, wa kazini, wa sokoni. Nikamwangalia Bedan na ile kamba. Siri yake haikuwa yangu niitoe. Niliyokuwa nayo ni yangu tu.

"Mama, mimi nina virusi vya ukimwi. Na kichwa changu kiliugua, nikalala miezi sitaki kuishi. Kuna watu tunaokutana kila Alhamisi Ruiru tukishikana tusianguke. Bedan ni mwenzetu. Alituambia tumshike akianza kugawa vitu, na sisi tukavichukua. Ndio nimevirudisha. Mimi ni mwenzake, sina jina lingine."

Nilisema bila kugeuka nyuma.

Mama Warigia alikaa kwenye kigoda. "Aliniambia," akasema. "Hiyo yako, na yeye ako nayo. Aliniambia mwaka jana. Nikamwambia asifungue mdomo, watu wasijue. Na kweli hakufungua." Akajifuta kwa mtandio. "Si ni mimi nilimnyamazisha."

"Tuko wawili, mama," nikasema.

Aliyefungua kamba ni Salehe. Alipita kando yangu, akapiga magoti, fundo lilikuwa limekaza kwa maji, akalifungua kwa meno. Akamvika koti na gambuti, akambeba hadi kwenye gari kama gunia la mahindi. Tukakaa wanne mbele, mama akiwa na redio mapajani.

Tuliwaacha hospitali Bedan akiwa amepokelewa. Tukabaki wawili garini. Salehe hakuliwasha.

"Mama Muna," akasema. "Nani alimwosha Nasir?"

"Ni wewe, shemeji."

"Ni mimi. Unafikiri sikuona mwili wake? Nimengoja uniambie mwaka wa pili huu."

Nikalia mpaka nikakosa sauti. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Ruqayya mimi simwambii. Hilo ni lako."

Jumatano, 26 Novemba

Nimemwambia Ruqayya, tukichambua mchele. Alisema "sawa". Hakuna neno ninaloliogopa kama hilo.

Alhamisi, 27 Novemba

Asubuhi nimekuta msumari mpya ukutani jikoni. Kimetundikwa kikombe cha bati cha kijani, peke yake. Chai yangu ilikuwa humo.

Nimekunywa. Imeniuma kuliko nilivyojiandaa, na nilijiandaa mwaka mzima. Ila nilikwenda Ruiru, sikugeukia ukuta. Nilipoulizwa hali ya hewa nikasema mafuriko, na Magdalene akanishika mkono kikao kizima.

Tumefuta sheria. Kuanzia sasa kila mtu atatupeleka kwao, mmoja mmoja, tuone mlango. Gathogo alisema kwake kuna mbwa.

Alhamisi, 4 Desemba

Kikombe cha kijani. Mvua.

Jumatatu, 8 Desemba

Kikombe cha kijani. Ila Muna bado analala nami, na Ruqayya hajasema kitu. Jana alimkuta ameninywea chai yangu, akafungua mdomo, akaufunga.

Alhamisi, 18 Desemba

Bedan amerudi! Amenenepa kidogo, anatembea kama mtu aliye ndani ya maji, dawa ndizo, zitapungua nguvu. Alisema, "Mawingu." Mzee Gathogo akamwambia, "Karibu kwangu, tukae mawinguni wawili." Niliporudisha mwavuli rasmi mkononi mwake akacheka. Sikumwambia nilivyojidanganya ile siku. Haya mengine ni ya daftari tu.

Jumatano, 31 Desemba

Watu wamepiga kura, mvua haikujali. Leo Ramadhani imeanza. Salehe ameuliza, mbele ya Ruqayya, zamu ya kuonyesha mlango wangu ni lini. Sijui nani alimwambia. Nikasema bado. Akasema, "Waite Alhamisi wafuturu. Watu wamekushika Alhamisi zote hizo, na sisi hatujawapa hata tende."

Ruqayya aliendelea kukata vitunguu.

Alhamisi, 8 Januari 1998

Walikuja kabla ya magharibi, wote wanne, chini ya mwavuli mmoja na mifuko ya plastiki. Aliyebisha hodi ni Bedan. "Hapa ni kwa Mama Muna?" akauliza kwa ile sauti yake ndogo, na nikakumbuka nilivyomgombeza kwa jina hilo hilo. "Ni hapa," nikasema. "Ingia."

Ruqayya alikuwa amepika kuliko nilivyotegemea: uji wa mchele, viazi vya nazi, kaimati. Alikaa mlangoni pa jikoni akiwatazama. Nadhani alikuwa anatafuta ugonjwa usoni mwao. Magdalene alikuwa anambishia Salehe bei ya magunia. Kui alikwishamshika Muna na kumsuka, akiongea bila kituo. Watoto wa Ruqayya walikuwa wamemzunguka Bedan, anawaonyesha redio yao iliyokufa inavyofunguliwa.

Adhana ikaita. Tukala tende. Ruqayya akainuka kwenda kuleta vikombe, nami nikajua ni nini kinakuja, nikaangalia mkeka.

Akarudi na seti yake ya harusi, vile vya maua mekundu vinavyokaa kabatini. Ni vikombe sita. Akampa Magdalene, akampa Gathogo, Kui, Bedan. Cha tano akampa mumewe. Cha sita akakishika kwanza, akasimama nacho. Chumba kizima kilikuwa kinaongea, sidhani kuna mwingine aliyeona. Akainama akakiweka mbele yangu, akakijaza.

Kisha akaingia jikoni, nikasikia bati likigonga msumari. Akatoka na kile cha kijani. Akajimiminia uji, akaketi karibu nami bega kwa bega, akapuliza, akanywa.

Nikakishika changu kwa mikono miwili.

"Mama Muna," akaniambia, bado anapuliza, "katika watu wako wote hawa, hakuna hata mmoja anayejua kushona sweta?"

"Mimi najua," akasema mzee Gathogo.